Mjadala: Nyota 5 za nyumba ya wazee Marekani, wewe unaziamini?

Mwenye mada (Dallas)

Wadau, mimi ni CNA, yaani msaidizi wa muuguzi. Naogesha wazee, nawageuza, nawalisha, hiyo ndo kazi inayolipa kodi hapa Dallas na ada za wadogo zangu huko nyumbani, na najua nusu ya mnaosoma hapa ndo kazi yenu pia hata kama kwenye simu mnawaambia watu "niko hospitali". Kwa hiyo tusiongee kama wageni.

Hoja yangu ni hii: zile nyota ambazo serikali inazipa nyumba za uuguzi za wazee, kuanzia 1 mpaka 5, zinawapoteza watu. Ningekuwa na uwezo ningeambia kila familia iulize kitu kimoja tu, Jumapili usiku zamu inakuwa na watu wangapi. Mengine ni mapambo.

Mnajua zinavyopangwa? Mfumo ulianza 2008. Kuna ukaguzi wa watu wa jimbo, kuna idadi ya wafanyakazi, halafu kuna takwimu za afya za wazee wenyewe, nani ana vidonda vya kulalia, nani kaanguka akavunjika, nani anapewa dawa za akili. Wanaanza na nyota za ukaguzi, kwenye wafanyakazi ukiwa na 5 unaongezewa moja, kwenye takwimu ukiwa na 5 unaongezewa nyingine. Yaani nyumba iliyopata 3 kwa wakaguzi, ya kawaida tu, inaweza kutundika bango la nyota 5 pale getini. Na hizo takwimu za afya nyingi anajaza nani? Nyumba yenyewe. Mwanafunzi anajisahihishia mtihani. Watafiti walishachukua bili za hospitali za wazee walioanguka wakaumia vibaya wakalinganisha na kilichoandikwa na nyumba, zaidi ya ajali 4 kati ya 10 hazikuripotiwa kabisa. Mzee kavunjika nyonga, ambulensi imekuja, kwenye fomu hakuna kitu.

Halafu kuna mchezo wa dawa. Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau ukimpa dawa za wagonjwa wa akili ili atulie, takwimu zako zinaharibika, ila akiwa na skizofrenia hahesabiwi. Basi unashangaa bibi wa miaka 85 ambaye maisha yake yote alikuwa mzima kichwani anaandikiwa skizofrenia uzeeni. Mpaka 2023 serikali ikabidi ianze kufuatilia mafaili ya hao "wagonjwa wapya".

Na ukaguzi wenyewe jamani. Eti wa kushtukiza. Nyumba lazima ikaguliwe ndani ya miezi 15 tangu ukaguzi uliopita, kwa hiyo miezi 12 ikipita kila mtu anajua wako njiani. Siku steti, yaani hao wakaguzi wa jimbo, wakiingia jengoni habari inafika ghorofa ya juu kabla hawajamaliza kusaini kitabu cha wageni. Meneja ambaye hajawahi kushika trei anaonekana anapeleka supu chumbani, kengele inajibiwa hapohapo, kabati la glovu ambalo wiki nzima lilikuwa na saizi ndogo tu linajaa mpaka mlango haufungi. Wakiondoka, tunarudi kulekule.

Sasa pigeni hesabu na mimi. Shifti ni masaa 8, dakika 480. Asubuhi nina wazee 10, kila mmoja ana dakika 48 zangu. Jioni mwenzangu ana 12, dakika 40. Usiku ana 20, dakika 24. Jumlisha, mzee anapata dakika 112 za CNA kwa siku nzima, na hapo ni kama hakuna aliyeenda chooni, hakuna aliyepiga simu kwamba haji, na mashine ya kuinulia ina chaji. Mzee aliyepooza anatakiwa ageuzwe kila baada ya masaa mawili, abadilishwe pampasi, alishwe taratibu asije akapaliwa. Kwa dakika hizo unachagua nani akose.

Mwaka 2024 serikali ya Biden ilitoa kanuni ya masaa 3.48 ya uuguzi kwa kila mzee kwa siku, ndani yake 2.45 ya CNA, hizo ni dakika 147. Rudi kwenye hesabu yangu: ingebidi tuwe na wazee 8 asubuhi, 8 jioni, 17 usiku. Hakuna aliyeomba miujiza. Kumbuka utafiti wa serikali hiyohiyo mwaka 2001 ulitaja masaa 4.1. Wenye nyumba wakakimbilia mahakamani, Aprili 2025 jaji wa hapa hapa Texas akaifuta, na sheria ya bajeti ya Julai ikazuia isitekelezwe mpaka 2034. Mimi nasema irudi. Nyinyi mnasemaje?

Nesi wa Minnesota

Kaka yangu, umeandika kwa uchungu na nakuelewa, nilianza na CNA kama wewe kabla ya kusomea unesi. Lakini mimi ndo mmoja wa hao wanaojaza fomu unazozisema, na hapo umetupaka matope wote. Kudanganya kwenye fomu ile ni kosa la kufikishwa mahakamani, leseni yangu iko juu ya meza kila nikisaini.

Pili, idadi ya wafanyakazi haijazwi kwa mdomo siku hizi. Tangu 2016 inatoka kwenye data za mishahara, na tangu Julai 2022 nyota za wafanyakazi zinahesabu pia wikiendi na watu wanavyoacha kazi. Hiyo Jumapili yako imo humo. Sema watu hawafungui ukurasa wa pili, wanaangalia nyota za juu wanafunga simu.

Kitu ambacho hukusema, na ni muhimu: nyota za ukaguzi zinagawanywa ndani ya jimbo. Asilimia 10 ya juu wanapata 5, asilimia 20 ya chini wanapata 1, waliobaki wanagawana 2, 3 na 4. Kwa hiyo 5 ya Texas na 5 ya Minnesota hazilingani, usilinganishe kabisa.

Na kwenye masaa 3.48 niulize, watu wanatoka wapi? Wiki iliyopita nimehoji wanne, mmoja alikubali, siku ya pili ya mafunzo akaondoka kwenda ghala la mizigo wanakolipa zaidi na hakuna anayekutemea mate usoni. Serikali yenyewe ilikadiria zaidi ya robo tatu ya nyumba zote zingelazimika kuajiri. Halafu namba sio huruma. Nimesimamia shifti imejaa watu, wote simu mkononi, kengele inalia koridoni kama disko.

Mdau wa Kansas

Naongezea kwa nesi. Huku vijijini nyumba ikifungwa hakuna ya pili. Kwenye kaunti yetu ilifungwa ya pekee, wazee wakahamishiwa mji mwingine mwendo wa zaidi ya saa kwa gari, mume ana miaka 88 haendeshi tena, mke yuko huko, wanaonana mtoto akipata nafasi. Sheria nzuri iliyofunga jengo imemsaidia nani? Afadhali nyumba ya nyota 2 iliyo karibu.

Mdau wa Mwanza

Mimi nawasoma nacheka. Mzazi wako unampeleka kwa watu baki halafu unahesabu nyota. Sisi huku wazee wetu tunalea wenyewe.

Dada wa Lowell (Massachusetts)

Mdau wa Mwanza, pole pole. Nani analea? Sema ukweli, ni wewe au ni msichana wa kazi wa miaka 17 ambaye hajafundishwa na mtu namna ya kumgeuza mtu aliyepigwa stroke? Nimetoka Nakuru, shosho wangu alikuwa na kidonda mgongoni unaona mpaka mfupa na alikuwa amezungukwa na watoto, wajukuu na majirani, upendo ulikuwa mwingi aki, hakuna aliyejua ya kwamba kulala upande mmoja kunaua. Tusijidanganye.

Turudi kwa mada. Sisi baba mkwe alipata stroke, hospitali wakatupatia karatasi ya majina ya nyumba saa nane mchana, wakataka jibu kesho asubuhi. Huo ndio muda unapewa kuchagua mahali mzazi ataishi! Hapo nyota zilitusaidia, kwa sababu zingine zote tulikuwa hatuzijui, kwa hivyo sikubaliani na wewe wa Dallas eti ni mapambo. Tulikuwa na moja ya 5 iko mbali na moja ya 2 iko karibu na kwetu. Bwanangu akasema 5. Mimi nikauliza kwanza hiyo 2 walikosea nini. Kila nyumba inatakiwa kuweka ripoti ya ukaguzi mahali mtu yeyote anaweza kuisoma bila kuomba, nikaenda jioni nikaikuta kwa faili imening'inizwa karibu na lifti, nikasimama hapo nikasoma yote. Makosa mengi yalikuwa ya jikoni na ya karatasi, chakula hakijawekwa tarehe, mambo kama hayo. Hakuna vidonda, hakuna mtu amepigwa. Kila kosa lina herufi, A mpaka L, ukiona J, K ama L toka mbio, hizo ni za hatari ya maisha. Tukachagua hiyo 2, na mmoja wetu alikuwa anafika kila siku, leo asubuhi, kesho wakati wa chakula cha jioni, wasituzoee saa.

Haikuwa mbinguni. Nguo zilipotea, meno yake ya bandia yakaenda na trei ya chakula. Lakini alitembea kutoka hapo na miguu yake.

Na mtu asikose hii: Medicare, bima ya serikali ya wazee, inalipa yote siku 20 za kwanza, kutoka 21 mpaka 100 unachangia. Cha kushangaza siku ya 20 ikikaribia mzee "anapona" ghafla. Lazima wakupe notisi angalau siku mbili kabla, na una haki ya kukata rufaa haraka, namba ya simu iko kwa hiyo notisi. Sisi tulipiga tukaongezewa muda.

Mwenye mada (Dallas)

Dada wa Lowell, wewe ulikaa ukasoma faili zima. Wangapi wanafanya hivyo? Mfumo umejengwa kwa ajili ya yule mwingine, anayeangalia nyota tano za njano na kupiga simu. Na angalia ulichofanya mwishoni, uliweka mtu wako pale kila siku. Yaani uliongeza mfanyakazi. Hiyo ndo hoja yangu yote, umeithibitisha kwa miguu yako. Mzee asiye na mtu wa kuja, na mimi ninao wengi wa hivyo, zile dakika anaongezewa na nani?

Nesi, heshima yako naijua na sikusema wote mnadanganya. Ila usiniambie watu hawapo. Watu wapo, wamekimbilia ghalani kama ulivyosema mwenyewe, na huko hakuna anayetemewa mate kwa sababu maboksi hayana mate. Wakilipwa vizuri wanarudi. Eti hela hakuna. Karibu 7 kati ya 10 ya hizi nyumba ni biashara ya faida, na kuna ujanja unajulikana, mwenye nyumba ana kampuni nyingine inayomiliki jengo, anajilipa kodi mwenyewe, ana kampuni nyingine ya usimamizi, anajilipa ada, halafu vitabu vya nyumba vinaonyesha hasara na anakwenda kulia Washington. Wanauchumi walioangalia nyumba zilizonunuliwa na mifuko ya wawekezaji binafsi walikuta vifo vya wazee wa Medicare wanaokaa muda mfupi vinapanda kwa karibu asilimia 10. Hao pia walikosa wa kuajiri?

Mdau wa Kansas, la kwako ni zito. Ila kanuni ile ilikuwa na msamaha kwa maeneo yenye uhaba wa wafanyakazi, na vijijini walipewa miaka zaidi ya kujipanga. Haikutoka tu ikafunga milango.

Mdau wa Kansas

Msamaha wa kuombea kwa fomu kurasa kibao, baada ya kukaguliwa na kukutwa na kosa kwanza. Unaujua urasimu wa hawa watu wewe?

Nesi wa Minnesota

Hilo la kodi ya jengo sikupingi, nimeliona kwa macho yangu. Bajeti ya dawa za vidonda inakatwa, kodi haikatwi. Basi dai hesabu zao ziwekwe wazi, hapo tuko pamoja. Lakini namba moja ya nchi nzima, wazee wa mazoezi ya goti na wazee wa mashine ya kupumulia wote 3.48, hiyo ni sheria ya mtu ambaye hajawahi kupanga ratiba ya wiki. Sibadilishi.

Mgeni wa Houston

Samahanini kuingilia, mama yangu anatoka hospitali Ijumaa, kavunjika nyonga, nimepewa karatasi ya majina kama ya dada wa Lowell. Nimewasoma wote nimechanganyikiwa zaidi. Nifanye nini kesho?

Mwenye mada (Dallas)

Pole sana kaka. Chagua tatu za karibu na kwako au kazini kwako. Nenda mwenyewe jioni kama saa moja, sio asubuhi, asubuhi kila mahali kunapendeza. Usimfuate yule wa suti wa kukuzungusha, atakuonyesha jimu na saluni. Simama koridoni uangalie taa za juu ya milango, zinawaka mzee akibonyeza kengele, hesabu zinazowaka, tazama inayowaka muda mrefu. Mkute CNA anasukuma kigari cha nguo umuulize taratibu, "leo una wangapi, na Jumapili?" Atakuambia. Nusa harufu. Na tafuta tangazo la ombudsman ukutani, ni mtetezi wa wazee, kila jimbo linaye na ni bure, piga picha namba yake kabla mama hajaingia.

Nesi wa Minnesota

Na kabla hujatoka nyumbani fungua tovuti ya Medicare uangalie nyota za ukaguzi peke yake, zitenge na zile za jumla. Kwenye wafanyakazi shuka chini mpaka wikiendi. Ikiwa 1 kwenye ukaguzi, wala usiwashe gari.

Mgeni wa Houston

Kati ya hizo tatu moja ina 5 za jumla, ukaguzi 3, wafanyakazi 2.

Mwenye mada (Dallas)

Haiwezekani. Kwa 3 ya ukaguzi na wafanyakazi 2 haifiki 5, mwisho wake ni 4. Au umesoma vibaya au wamekuonyesha bango la zamani. Umeitoa wapi hiyo?

Mgeni wa Houston

Kwenye kipeperushi chao cha mapokezi. Ngoja nifungue tovuti yenyewe.