Mafuta ghafi yanaingia tanuruni yamepoa, nianzie wapi?

Swali: Wakuu, kwenye kiwanda chetu cha kusafisha mafuta, mwaka jana mafuta ghafi yaliingia kwenye tanuru yakiwa nyuzi 262. Sasa ni 238, na lazima yafike 360. Tanuru linabugia gesi balaa.

Jibu: Vibadilisha joto, vile vinavyopasha mafuta kabla ya tanuru, vimeshika ukoko huko ndani. Pima joto la kuingia na kutoka kwa kila kimoja, usikisie. Sisi tulikuta vya mwisho, vinavyopitisha masalia mazito ya chini ya mnara wa kutenganishia mafuta, vimeganda weusi kama lami. Kagua na kitoa chumvi pia, chumvi nayo huleta ukoko.

Jibu: Mimi ningevuna na joto la moshi kupasha hewa ya tanuru. Ila usiupoze mno, asidi ya salfa itajitonesha kutoka kwenye moshi na kutoboa mabomba. Yalinikuta!

Muulizaji: Nimepima. Kibadilisha joto cha saba kimekufa kabisa. Kesho tunakifungua.