Tupeane uzoefu: programu imebildika kwako, imegoma kwa mteja

Kasia_la_Amu:
Assalaam aleikum. Yeo nataka visa vya kubildi tu (kugeuza msimbo kuwa programu inayoendeshwa), vya programu iliyotakiwa kwenda kwenye mashine za aina mbalimbali. Naanza na changu, nisije nikaonekana nawacheka wengine.

Kuna kituo cha samaki Kizingitini kiliniomba programu ya kusoma mizani na joto la friza. Nikaandika kwa C++, nikatumia CMake (chombo cha kuandaa na kuongoza kubildi), kwenye laptopu yangu ya Linux mambo shwari. Kifaa chao ni Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bodi moja, na prosesa yake ni ARM, kwa hivyo nilichobildi kwenye Intel yangu kule hakifunguki. Nikasema si neno, nabeba msimbo kwenye flashi, nitabildi papo hapo.

Nimefika, nimekaribishwa chai, nikaandika `cmake -B build`. Mstari ukasimama pale pale. Chai ikapoa. Ndipo nikakumbuka kwamba maktaba ya JSON (msimbo wa watu wengine wa kusoma data) niliiweka kwa FetchContent, yaani CMake inakwenda kuichota GitHub wakati wa kusanidi. Na pale siku ile mtandao hakuna, hata simu ya kawaida mpaka utoke usogee ufuoni. Nahodha anaita, maji ya mlango wa Mkanda hayamngoji mtu. Nikarudi Amu mikono mitupu, na nauli nimelipa mwenyewe.

Safari ya pili maktaba niliipakua kabla, nikaiweka ndani ya mradi. Tena sikubildi kule. Niliandika faili dogo la kumjulisha CMake kwamba mashine lengwa si hii anayokalia: CMAKE_SYSTEM_NAME ni Linux, CMAKE_SYSTEM_PROCESSOR ni aarch64 (ARM ya biti 64), kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo, ni `aarch64-linux-gnu-g++`. Nikabildi nyumbani Langoni, nikapeleka kitu kilichoiva.

Mjukuu_wa_Maweni:
Pole kaka. Mimi wa Malindi, yangu ni herufi moja. Nafanya kazi kwenye Mac. Faili linaitwa `Chumba.h`, ndani ya msimbo nimeandika `chumba.h`. Mac haikusema kitu miezi mitatu, kwa sababu diski yake ilivyokuja haitofautishi herufi kubwa na ndogo. Windows ni vile vile. Seva ya mteja ni Linux: faili halipo! Nimekesha nikikagua njia za saraka, kumbe ni ile C kubwa.

Tangu hapo majina yote naandika kwa herufi ndogo. Sibishani na mtu.

Binti_Shela:
Mimi nilitumiwa Makefile (faili la maagizo ya kubildi, linalosomwa na programu ya Make) kwa WhatsApp. Si faili, maandishi! Nikanakili, nikabandika, nikapata `missing separator`. Kila mstari nauona uko sawa. Mwishowe kaka mmoja akaniambia mstari wa amri lazima uanze na Tab, nafasi nane hazikubaliki, na hapo katikati Tab zilikuwa zimeshageuka nafasi.

Nikaenda kusoma asili yake. Stuart Feldman aliandika Make mwaka 1976 pale Bell Labs, na alipoona Tab ina kero tayari alikuwa na watumiaji kama kumi na wawili, wengi rafiki zake, akaona haya kuwavurugia. Watu kumi na wawili! Sisi wengine wote tunalipa hadi leo.

Fundi_Baridi:
Ya kwangu fupi. Niliweka `-march=native`, bendera ya kuiambia kompaila itumie uwezo wote wa prosesa, ili programu iende mbio. Kwenye laptopu mpya ilikimbia. Kwenye kompyuta kuukuu ya saiba moja hapa Malindi ikafunguka na kufa hapo hapo: `Illegal instruction`. "Native" ni mashine inayobildi, si ya mteja. Ondoa.

Mzee_wa_Kisumu_Ndogo:
Vijana, na GLIBC je, ile maktaba ya msingi ya C ambayo programu nyingi za Linux huitegemea? Ukibildi kwenye Ubuntu 22.04 ukampelekea mtu wa 20.04, ataambiwa `GLIBC_2.34 not found`. Bildi kwenye mfumo mkongwe kuliko yote ya wateja wako, kwenye mipya itakwenda tu.

Mjukuu_wa_Maweni:
Kweli mzee. Ila mbona msihamie lugha ya Go? Unataja GOOS (mfumo lengwa) na GOARCH (prosesa lengwa), umemaliza.

Kasia_la_Amu:
Ukiwa na Go tupu, sawa. Dereva ya mizani yangu ni maktaba ya C, na ukishaingiza cgo (daraja la kuita msimbo wa C kutoka Go) unarudi kutafuta kompaila ile ile ya ARM.

Binti_Shela:
Bwana Kasia, hukumaliza. Safari ya pili ilifanya kazi?

Kasia_la_Amu:
Nilitaraji hamtauliza.

Mizani ilisoma vizuri. Tukafungua ukurasa wa friza: nyuzi 238. Mzee anayesimamia samaki akavaa miwani, akatazama kioo, akatazama friza, akaniuliza, "Mwanangu, hawa tumewagandisha au tumewakaanga?"

Friza ilikuwa kwenye −18. Joto nilikuwa nalihifadhi kwenye `char`. Kwenye Intel, `char` inakubali namba hasi. Kwenye Linux ya ARM kwa kawaida haikubali, inahesabu kuanzia 0 hadi 255, na −18 inageuka 256 kutoa 18. Msimbo ule ule, kompaila haikulalamika hata neno.

Fundi_Baridi:
😂😂 `-fsigned-char` ungeokoka.

Kasia_la_Amu:
Ningeokoka mpaka siku mtu atakapobildi bila ile bendera. Nilibadilisha aina yenyewe, nikaandika `int8_t`. Na sasa nina jaribio moja linaloendeshwa kila nikibildi: linaingiza −18 na kungoja −18. Nalipitisha kwenye Pi yangu mwenyewe hapa nyumbani, kabla sijamuuliza nahodha anaondoka saa ngapi.

Mzee_wa_Kisumu_Ndogo:
Na nauli ya safari ya tatu alilipa nani?

Kasia_la_Amu:
Mzee, swali jingine.