Glavu zimeisha tangu mwaka juzi, semina nyingine ya nini?

Wakuu, leo nina hasira, mnivumilie.

Mimi ni wa kujitolea, huduma ya kwanza, barabara ya Morogoro kati ya Chalinze na Mikese. Mnaopita hapa usiku mnayajua malori yake. Miaka 3 iliyopita walikuja watu wa mradi (siwataji) wakatukusanya watu 32: bodaboda, mama ntilie, mafundi gereji, walinzi. Siku 2 tu. Mdoli wa kujifunzia kukandamiza kifua ulikuwa mmoja, tukaupangia foleni kama ndoo za bombani. Mara 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kizame sentimita 5. Kichwani ninayo, mikono ndiyo imeshasahau. Cheti chenyewe ni cha miaka 2, kimeisha, na hakuna aliyerudi kutupima.

Tuliachiwa reflekta moja kila mtu na boksi la glavu kwa watu wanne. Boksi ni pea 50. Ajali moja ya basi mnamaliza pea 12, pigeni hesabu wenyewe. Sasa hivi tunavaa mifuko ya mkate, tunaifunga na mpira kwenye kiganja. Sitanii.

Mwezi uliopita Fuso lililalia Noah, saa sita usiku. Nimepiga magoti kwenye vioo karibu saa nzima, nimeshika kichwa cha kijana asigeuze shingo, mfuko umetoboka kidole gumba na damu inaingia. Ninachowaza ni homa ya ini tu. Chanjo yake ni dozi 3. Sisi tulichomwa ya kwanza siku ya kufunga semina, kamera zikiwepo. Ya pili naisubiri hadi leo.

Tukafika hospitali, naulizwa, "Wewe ni nani yake?" Akaja askari, habari za PF3 (fomu ya polisi ya majeruhi), maelezo, na "kwa nini ulimgusa kabla hatujafika?" Nimetoka saa tisa usiku kwa nauli yangu. Asubuhi nikachelewa kazini, bosi akakata siku.

Kati ya 32 tumebaki 7. Msiseme walioacha hawana moyo. Kuna mama mmoja wa chapati, hakuna aliyemfikia kwa kufunga jeraha. Kanga zake 3 zimeishia kuwa bendeji, hajarudishiwa hata moja. Ungekuwa wewe ungeendelea?

Sasa jana mtendaji kanipigia: mradi unarudi kusajili watu wapya 40. Sisi 7 hatumo, eti tulishanufaika. Tulinufaika na nini, soda?

Na asije mtu hapa na hadithi ya hela hakuna. Ukipiga 115 kwa ajili ya mjamzito, dereva wa mtaani anayembeba kupitia m-mama, mpango wa usafiri wa dharura wa wajawazito, analipwa safari yake kwenye simu. Kwa hiyo utaratibu unajulikana, wakitaka. Na wala hatujaomba mshahara! Glavu, dozi 2 zilizobaki, siku moja ya kurudia mafunzo kila mwaka, na kitambulisho cha kumwonyesha askari. Basi.

Usajili ni Jumamosi, ofisi ya kijiji. Nitakwenda, na mfuko wangu wa mkate nitauweka mezani pale mbele ya mgeni rasmi. Wenzangu 6 nao wanakuja na ya kwao.