Naomba ushauri: tuna haki ya kujua nani kachukua mbolea ya ruzuku kijijini?

Mkulima_Magoma: Wakuu habari zenu. Nalima mahindi huku Korogwe, nimejisajili mbolea ya ruzuku na namba ninayo kwenye simu, juzi naenda kwa wakala kuchukua urea ananiambia mfumo unaonesha mgao wako umeisha. Umeishaje na sijagusa hata mfuko mmoja? Jirani yangu, mama mjane, naye kajibiwa hivyo hivyo, halafu kuna watu hapa hata shamba hatulijui wanashusha mbolea usiku. Nimemuomba mtendaji abandike majina na idadi ya mifuko ofisini kasema ni siri za watu. Siri gani na ni hela ya umma? Nipite njia gani, masika ndo hiyo inaingia.

Binti_Pangani: Pole sana kaka. Anza na la kwako. Nenda kwa afisa kilimo wa kata na kitambulisho na namba yako, akuangalizie umesajiliwa ekari ngapi, mifuko ilitoka lini na kwa wakala yupi. Mfuko unaskaniwa ndo unatoka, kwahiyo alama ipo. Na huyo mama nenda naye, asiachwe.

Mzee_Chanika: Enzi za vocha za mbolea ya ruzuku, kuanzia 2008, kijiji kilikuwa na kamati, wanaume watatu wanawake watatu, na majina yanapitishwa mkutano mkuu wote mnasikia. Rudisheni utaratibu ule.

Msambaa_Tz: Shikamoo mzee. Ila utafiti uliofanyika Kilimanjaro ulikuta kama asilimia 60 ya vocha ziliangukia kaya za viongozi wa kijiji, na kamati zilikuwepo. Nani anasimama mkutanoni kumkatalia mwenyekiti na kesho anamtegemea kwa muhuri? Bora karatasi ibandikwe mtu asome kwa muda wake.

Mama_Muheza: Mi jina langu sitaki libandikwe. Nikionekana nimepata mifuko sita kila ndugu atakuja kukopa, na nikikataa naitwa mchoyo.

Wa_Raskazone: Mama ana hoja. Ulaya nako walibishania hilo hilo, 2010 mahakama yao ikasema kuanika majina ya wakulima wote bila kubagua kiasi walichopata ni kuingilia faragha, baadaye wakarudi na utaratibu mpya, anayepata kidogo sana jina lake halitoki, wakubwa wanatajwa. Huo ndo mstari mzuri. Hapa kwetu kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, andika barua halmashauri, wana siku 30 kukujibu. Ukiomba majina na namba za simu watakukatalia kwa faragha, na namba za simu na za NIDA, kitambulisho cha taifa, kweli zisitoke. Omba jumla: kijiji chako mifuko mingapi, kwa mawakala gani, wakulima wangapi wamesajiliwa na kwa ekari ngapi. Mkijumlisha ekari zikazidi mashamba mnayoyajua, mwizi kaonekana bila kumuanika mama yeyote.

Mkulima_Magoma: Hii ya ekari sikuiwaza kabisa wallahi. Na kama jina langu kweli limechukuliwa?

Binti_Pangani: Hapo ni TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, piga 113 bure. Barua ya halmashauri toa nakala, wagonge muhuri wa kupokea na tarehe, bila hivyo siku 30 utazihesabu peke yako.