Natafuta vilima vya kupanda kwa baiskeli na kwa miguu karibu na Dar, nianzie wapi?

Mpare wa Ukonga

Wakuu, habari za majukumu.

Mimi ni mzaliwa wa Usangi, Upare. Kwetu ukipanda mgongo wa mlima unaliona Ziwa Jipe upande wa mashariki, ukigeuka magharibi maji ya bwawa la Nyumba ya Mungu yanang'aa kule chini. Sasa ni mwaka wa tisa niko Dar. Kazi ipo, watoto wanasoma, namshukuru Mungu, lakini kila nikinyanyua macho yanagota kwenye ukuta wa jirani.

Mwezi wa nne tulimzika mzee wetu kijijini. Nilikaa kule wiki mbili, kila alfajiri napanda mlimani peke yangu, na ndicho kilichonisaidia kubeba ule msiba. Niliporudi mjini nikaanza kukosa usingizi. Nikanunua baiskeli ya mtumba yenye gia, nazunguka nayo mitaani, ila tambarare haikati kiu yangu. Nataka kupanda mahali, niiache baiskeli, nitembee kwa miguu, nifike sehemu ninayoweza kuona mbali.

Najua hapa ni pwani na hakuna mlima kama Kindoroko wa kwetu. Naomba tu mnielekeze kilima cha kweli ambacho mtu wa miaka 41 anaweza kwenda na kurudi siku moja. Naogopa malori, na sijui baiskeli naiacha kwa nani nikiingia porini.

Fundi Spoku

Pole sana kwa msiba, mkuu.

Uko Ukonga halafu unauliza kilima? Milima ya Pugu iko nyuma ya nyumba yako. Unatoka Gongo la Mboto, unafika Pugu Kajiungeni. Hapo njia inagawanyika, moja inakwenda Chanika, wewe shika ya Kisarawe. Toka katikati ya jiji mpaka Kisarawe ni kama kilomita 30, kwako ni kama nusu ya hizo. Sehemu za juu zinakaribia mita 300 kutoka usawa wa bahari. Kwa Mpare ni kichuguu, ila ukianza kupanda na baiskeli utaiheshimu.

Kabla hujaenda, badilisha vipira vya breki. Nasema kama fundi: baiskeli nyingi za mtumba zinakuja na vipira vilivyokauka vikawa vigumu kama kwato. Mjini hutaona tatizo kwa sababu hakuna mteremko. Siku ya kushuka Kisarawe unaminya breki mpaka mwisho na baiskeli inazidi kwenda. Angalia na waya, ukiona nyuzi zimeanza kukatika karibu na mkono wa breki, weka mpya. Beba tyubu ya akiba, viraka na pampu ndogo.

Kwenye kupanda, ingia gia nyepesi kabla mlima haujakukaba. Ukisubiri mpaka miguu ikwame ndipo ubadilishe, cheni inaruka.

Mama Tausi

Kaka, pole kwa kufiwa na baba.

Nazungukia huko na baiskeli mwaka wa tatu, na mimi ni mwanamke, kwa hiyo suala la usalama nimelifikiria sana. Nenda Jumapili. Ondoka saa kumi na mbili kasoro, kukianza kupambazuka. Siku za kazi barabara ile inabeba malori ya mchanga na kokoto, na dereva anayewahi tripu ya tatu hakuoni. Vaa kitu cha rangi kali, weka taa nyekundu nyuma hata kama ni mchana.

Kuhusu kuiacha baiskeli, usiifunge kwenye mti ukaondoka. Tafuta mama anayeuza chai au mihogo karibu na njia, kunywa chai pale, msalimie vizuri, mwombe akuangalizie. Ukirudi mwachie chochote. Mimi nina mama yangu wa siku zote, sasa nisipopita wiki mbili ananiulizia.

Msitu wenyewe, Pugu na Kazimzumbwi, ni hifadhi iliyo chini ya TFS, wakala wa serikali wa misitu. Kuna kiingilio na kuna watu wa kukuongoza. Lipa, uingie rasmi. Usifuate vijia vya wachoma mkaa ukidhani umepata njia ya mkato.

Kijana wa Minaki

Umesahau mapango ya kaolini, ule udongo mweupe, dada. Ndiyo kitu cha kuona! Popo wanatoka jioni kama moshi.

Mama Tausi

Sijasahau. Popo wanatoka jua likizama, maana yake atarudi usiku kwa baiskeli. Na yale mapango yalichimbwa na watu, toka enzi za Mjerumani, dari yake ni udongo. Asiingie bila mwenyeji. Aende siku nyingine kwa gari pamoja na watoto.

Mwenyeji wa Limburg

Salamu kutoka Uholanzi. Kaka, nimesoma nikakuelewa kabisa, mimi ni mtu wa Mbeya.

Huku nchi ni bapa mpaka unachoka. Kilele cha juu kabisa cha Uholanzi bara, Vaalserberg, ni mita 322, yaani hakiipiti Pugu kwa kitu cha maana. Lakini mwisho wa wiki utakuta wazee wa miaka 70 wanakipanda kwa baiskeli, maana pale juu mipaka ya Uholanzi, Ubelgiji na Ujerumani inakutana. Kwa hiyo usikidharau kilima kwa sababu ya namba zake. Barabara ya kilima cha Cauberg, mjini Valkenburg, ni fupi, haifiki kilomita moja na nusu, na inawavunja waendeshaji wa kulipwa.

Nilichojifunza kwa watu wa huku ni kuhusu upepo. Anza safari ukipingana nao ukiwa na nguvu, ili wakati wa kurudi ukusukume.

Fundi Spoku

Ushauri mzuri, ila Dar unageuka. Asubuhi kunatulia, jua likishapanda upepo unaingia kutoka baharini. Yeye anakwenda magharibi, kwa hiyo wakati wa kurudi, miguu imechoka, upepo unampiga kifuani na jua la utosi juu. Saa nne na nusu awe ameshaanza kushuka.

Mzee wa Golini

Hamjambo. Mimi niko Kwale, Kenya. Siku ukifika kwetu, kuna Shimba Hills. Kutoka Kombani mpaka Kwale mjini ni lami na ni kupanda, na ukigeuka nyuma unaiona Bahari ya Hindi. Ndani ya hifadhi usiwaze baiskeli kwa sababu kuna ndovu. Unatembea kwa miguu na askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, mpaka maporomoko ya Sheldrick, maji yanaanguka mita 21. Ukibahatika utamwona palahala, swala mkubwa mwenye pembe ndefu, ambaye Kenya nzima yuko hapa tu.

Mstaafu

Pole kijana wangu. Nilisoma Pugu sekondari zamani. Kumbuka unapita pale alipofundisha Mwalimu Nyerere mpaka alipoacha kazi mwaka 1955. Sisi wanafunzi tulishuka kwa miguu mpaka Gongo la Mboto na kupanda tena siku hiyo hiyo, tukiwa na mkate tu.

Jambo moja la muhimu: usiende mvua ikiwa imenyesha jana yake. Udongo ule mweupe ukilowa ni kama sabuni.

Mpare wa Ukonga

Shikamoo mzee. Asanteni sana nyote. Nimekwenda jana, naleta mrejesho.

Breki nilibadilisha Jumamosi. Fundi wa mtaani alinionyesha waya wa nyuma umebaki nyuzi tatu. Fundi Spoku, Mungu akubariki.

Nilitoka saa kumi na mbili kasorobo. Kupanda nilisukuma mara mbili, kifua kinawaka, jasho linaingia machoni. Baiskeli nikamwachia mama wa mihogo. Msituni niliongozwa na kijana mpole anayejua miti kwa majina. Sehemu moja mvua ya Alhamisi ilikuwa haijakauka vizuri kivulini, na ule udongo uliganda kwenye soli mpaka viatu vikawa vizito kama mawe. Mzee alisema kweli.

Halafu tukatokea juu mahali palipo wazi. Mwanzoni niliona mabati tu, mengi, yanang'aa. Kijana akaninyooshea kidole: yale marefu ni majengo ya Posta, katikati ya jiji. Nyuma yake kulikuwa na mstari mwembamba wa buluu, nikadhani ni anga, kumbe bahari. Nilikaa chini. Nilikaa kama dakika ishirini, yule kijana akanyamaza na mimi, hakuniharakisha. Nilimkumbuka baba, nikalia kidogo, na usiku nililala mpaka alfajiri.

Mama Tausi, mama wa mihogo anauliza kama nakufahamu. Nimemwambia nitakufahamu Jumapili ijayo, nitakuwa Kajiungeni saa kumi na mbili na nusu. Kijana wa Minaki na wewe njoo, mwanangu wa kwanza naye anataka kuja kwa hiyo tutakwenda taratibu.