Uandishi wa habari au mawasiliano ya umma: niombe shahada ipi?

Mhitimu wa HKL
Shikamooni, wakubwa zangu. Nimemaliza kidato cha sita katika mchepuo wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) na alama zangu zinaniruhusu kuomba chuo kikuu. Nia yangu ni kuandaa vipindi vya redio vinavyohusu kilimo na maisha ya vijijini. Shule Kuu ya Uandishi wa Habari na Mawasiliano ya Umma ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina shahada tatu zinazokaribiana: uandishi wa habari, mawasiliano ya umma, na uhusiano wa umma na matangazo. Naomba kueleweshwa zinatofautianaje. Baba yangu mdogo anashikilia kwamba watangazaji wengi maarufu hawakusomea kazi hiyo, hivyo heri nisome ualimu. Je, ana haki?

Mhariri wa Redio
Marahaba, mdogo wangu. Maneno ya baba yako mdogo yalikuwa kweli kwa miaka mingi, lakini sheria imebadilika. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ilianzisha Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari na kumzuia mtu yeyote kufanya kazi hii bila ithibati yake, yaani kibali rasmi cha kutambuliwa kuwa mwandishi, na kanuni zilizofuata mwaka 2017 zikataka elimu isiyopungua stashahada. Cheti peke yake hakimfanyi mtu kuwa mwandishi. Nimewapokea wahitimu wa shahada wasioweza kumwuliza diwani swali la pili baada ya kujibiwa la kwanza. Hata hivyo, ni vyema uingie kazini ukiwa nacho.

Shahada ya uandishi wa habari hukaa karibu zaidi na chumba cha habari, yaani kukusanya, kuhakiki, kuandika na kuhariri. Mawasiliano ya umma ni pana zaidi, kwa kuwa huongeza utafiti, sera na tabia za wasikilizaji. Uhusiano wa umma hukuweka upande wa taasisi inayotaka kusikika, na sidhani kama ndiko unakotaka kwenda. Kabla ya kuchagua kati ya hizo mbili za mwanzo, waulize wanafunzi waliopo huanza kuandaa vipindi mwaka wa ngapi. Dar es Salaam wana Mlimani Redio na Mlimani TV, na SAUT ya Mwanza, yaani Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, iliyotokana na taasisi ya Nyegezi iliyoanzishwa na maaskofu wa Kanisa Katoliki mwaka 1960, nayo ina redio yake. Lakini chuo kuwa na studio hakumaanishi kwamba kila mwanafunzi anapata nafasi ya kutosha ndani yake.

Mkufunzi
Nakubaliana na mhariri, ila naomba kuitetea nadharia, ambayo wanafunzi wengi huikariri kwa ajili ya mtihani tu. Mwaka 1968 Maxwell McCombs na Donald Shaw waliwahoji wapiga kura 100 wa Chapel Hill, Marekani, ambao walikuwa hawajaamua wamchague nani, wakaona kwamba mambo waliyoyataja kuwa mazito yalilingana sana na yale yaliyopewa uzito na vyombo vya habari. Ukiielewa hoja hiyo, utajiuliza kwa nini bei ya mbolea inapewa sekunde chache mwishoni mwa taarifa ya habari, na ni nani aliyeamua iwe hivyo.

Jambo linalonisikitisha ni lugha. Mwanafunzi husikiliza mihadhara na kufanya mitihani kwa Kiingereza kwa miaka 3, kisha huajiriwa na redio inayotangaza kwa Kiswahili, na unamsikia akitafsiri kichwani wakati kipaza sauti kiko wazi. Kiswahili ulichokisoma kwenye HKL usikiache langoni mwa chuo. Kila kazi utakayoiandika kwa Kiingereza, iandike upya kama habari ya redio ya dakika 2, umsomee mtu ambaye hajasomea fani hii, kisha umwombe akueleze alichokielewa.

Afisa Habari wa Halmashauri
Kwa upande wa serikali, matangazo ya nafasi za Afisa Habari kwa kawaida hupokea shahada ya uandishi wa habari au ya mawasiliano ya umma, kwa hiyo usikose usingizi kwa tofauti hiyo. Fikiria zaidi mafunzo kwa vitendo. Wenzako wengi watakimbilia vituo vikubwa vya Dar es Salaam, ambako wanafunzi ni wengi na kazi za kushika ni chache. Wewe omba redio ya jamii wilayani, ambako mtu yuleyule huhoji sokoni asubuhi, huhariri sauti mchana na kusoma taarifa jioni. Likizo ndefu ya vyuo huangukia wakati ambapo mikoa mingi inavuna na kuuza mazao, na ndipo malalamiko ya mizani, bei na malipo ya vyama vya ushirika yanaposikika kila siku. Peleka barua ya maombi mapema, na uambatanishe kipindi kimoja cha kilimo ulichokirekodi mwenyewe.