Naombeni ushauri: slaidi za mkutano mkuu wa AMCOS, mwaka jana wanachama hawakuona kitu

KatibuMeneja_Kusini

Habari za jioni wakuu. Mimi ni katibu meneja wa AMCOS (chama cha msingi cha ushirika cha wakulima) moja ya korosho huku Mtwara. Jumamosi ya wiki ijayo tuna mkutano mkuu, na mimi ndiye nitakayewasilisha taarifa ya mapato na matumizi, kisha makisio ya msimu ujao na ukomo wa madeni, yaani kiwango cha juu ambacho chama kinaruhusiwa kukopa, ili wanachama wapitishe. Tunategemea watu zaidi ya 200.

Mwaka jana tulitumia projekta kwa mara ya kwanza. Nilikesha na PowerPoint nikatoka na slaidi 41. Majedwali ya Excel niliyabandika kama yalivyo, nyuma nikaweka bluu iliyokoza, maandishi ya njano, na kila mstari ukawa unaingia kwa kuruka kutoka pembeni. Nikasimama nikawa nasoma slaidi moja baada ya nyingine. Nilipofika ya tisa mzee mmoja aliyekaa nyuma akanyoosha mkono: "Mwanangu, sauti tunaisikia, lakini hapo ukutani hatuoni kitu. Unatusomea nini?" Baada ya hapo ikawa kelele. Kuna waliosema tumeandika namba ndogo makusudi ili wasione. Hilo liliniuma sana, maana hesabu zilikuwa safi na mkaguzi alishazipitisha.

Tunakutana kwenye ghala letu likiwa tupu. Milango miwili mikubwa huwa wazi kwa ajili ya hewa. Projekta tunaazima. Kitambaa cheupe kina upana wa mita moja na nusu, na watu wa mwisho wanakaa kama mita 15 kutoka kwenye kitambaa. PowerPoint naijua ya kujifundisha mwenyewe. Nianzie wapi?

FundiMwanga

Dada pole. Mimi nafunga projekta kwenye kumbi na makanisa, nitakujibu upande huo tu.

Projekta haiwezi kumulika rangi nyeusi. Penye nyeusi au bluu nzito yenyewe inaacha kumulika, kwa hiyo unachokiona hapo ni kitambaa na mwanga wa mchana unaoingia mlangoni. Ndiyo maana slaidi iliyokoza inayopendeza kwenye kompyuta, ndani ya ghala lililo wazi inageuka kijivu na njano inazama humo humo. Mchana tumia nyuma nyeupe, maandishi meusi, basi. Kitambaa usikitundike mahali mwanga wa mlango unapokipiga usoni. Tafuta pembe yenye giza kuliko zote, kiti cha mwenyekiti kihamie huko.

Usidanganyike kurudisha projekta nyuma ili picha iwe kubwa mno. Ukiongeza upana mara mbili na urefu mara mbili, mwanga ule ule unagawanywa kwenye eneo mara nne. Picha itakuwa kubwa na hafifu.

Sasa kipimo. Mtu wa mwisho yuko mita 15, kitambaa mita 1.5, yaani yuko mbali mara kumi ya upana wa picha. Kioo cha kompyuta yako kama ni inchi 15.6, upana wake ni karibu sentimita 34. Fungua slaidi ijaze kioo, rudi nyuma mita 3.4, usome. Usichokisoma hapo, yule mzee hatakisoma ghalani. Kwa umbali huo maandishi ya saizi 28 ambayo watu wanayapenda hayatoshi. Anzia 40. Na kama viti vinasogezeka, visogeze.

Mdau_Pwani

Mkuu tumia Canva, kuna mitindo mizuri kibao imeshapangwa, unajaza tu.

KatibuMeneja_Kusini

Asante mdau. Niliifungua jana, ni kweli inapendeza, ila mtandao huku unakatika na mitindo mingi ina mapambo yanayokula nafasi. FundiMwanga, nimejaribu ile ya mita 3.4. Katika slaidi zangu zote 41 niliweza kusoma vichwa tu.

MwalimuMstaafu

Mwanangu, nimefundisha hisabati sekondari kwa miaka mingi, tangu enzi za ile mashine ya kumulika karatasi za plastiki. Tulikuwa tunaandika kwa kalamu ya wino juu ya plastiki, na kwa sababu plastiki ilikuwa ghali na mkono unachoka, hukuandika maneno mengi. PowerPoint yenyewe ilipotoka mwaka 1987, kwa kompyuta za Macintosh, kazi yake ilikuwa kutengeneza hizo hizo karatasi za kumulika. Siku hizi kubandika jedwali zima ni sekunde mbili, na mkono hauchoki tena.

Mtu hawezi kusoma maneno yako ukutani na kukusikiliza kwa wakati mmoja. Ukisoma kwa sauti kile kile kilichoandikwa, yeye anamaliza kabla yako au anabaki nyuma yako, kwa vyovyote mmeshaachana. Slaidi ibebe kile ambacho mdomo hauwezi: mchoro, picha, namba moja kubwa. Maelezo yabaki kinywani mwako.

Kichwa cha slaidi kiwe sentensi kamili. "MAPATO" haimwambii mtu kitu. "Tumeuza kilo nyingi kuliko msimu uliopita, lakini bei ilishuka" hiyo ni habari, na aliyesinzia akiamka anajua mmefika wapi. Ukishindwa kuandika sentensi hiyo, ujue wewe mwenyewe hujaamua slaidi hiyo inasema nini. Itoe.

Lakini kabla ya kufungua kompyuta nijibu hili: wanachama wako wanakuja na maswali gani vichwani?

KatibuMeneja_Kusini

Shikamoo mwalimu. Maswali nayajua, maana ndiyo hayo kila siku wananiuliza njiani. Kwanza, kwa nini bei ya mnada ilitangazwa kubwa na mimi nimelipwa pungufu. Pili, kilo za unyaufu, yaani uzito unaopungua korosho zikikauka, zimekwenda wapi. Tatu, chama kinadaiwa kiasi gani.

Makato yako slaidi ya 12 hadi 19. Unyaufu uko slaidi ya 33, mstari wa mwisho wa jedwali. Kilo 1,840.

Mhandisi_TZ

Marahaba kwa niaba ya mwalimu, atakuja mwenyewe.

Dada, hiyo slaidi ya 33 imenishtua. Januari 2003 chombo cha anga cha NASA kiitwacho Columbia kiliporuka, kipande cha povu kilibanduka kutoka kwenye tangi la nje kikagonga bawa la kushoto. Chombo kikiwa bado angani, wahandisi walipeleka tathmini yao kwa wakubwa kwa slaidi. Moja ya slaidi hizo ilikuwa na kichwa cha kutuliza, ikafuatiwa na vitone ndani ya vitone. Chini kabisa, kwa maandishi madogo kuliko mengine, ndimo mlimoandikwa kwamba kipande kilichogonga kilikadiriwa kuwa na inchi za ujazo 1,920, wakati majaribio waliyoyategemea yalifanywa kwa vipande vya inchi za ujazo 3. Tofauti ya mara 640! Tarehe 1 Februari Columbia ilisambaratika ikirudi duniani, wanaanga wote 7 wakafa. Sisemi slaidi iliwaua, povu ndilo lililotoboa bawa. Lakini bodi ya uchunguzi, kwenye ripoti yake ya Agosti 2003, iliigusa slaidi hiyo na kueleza jinsi msomaji angeweza kuipita bila kutambua hatari iliyomo.

Kilo 1,840 kwa mkulima ni jambo zito. Ukiliweka mstari wa mwisho wa slaidi ya 33, hata kama nia yako ni safi, anayelikuta huko ataamini lilifichwa. Si ndivyo ilivyokuwa mwaka jana? Lipe slaidi yake, ya mwanzo kabisa kama unaweza, na namba iwe kubwa kuliko kitu kingine chochote.

KatibuMeneja_Kusini

Nimesoma hapa nikakaa kimya muda mrefu. Mwaka jana nilidhani tatizo ni rangi. Naanza upya.

MwalimuMstaafu

Marahaba mwanangu.

Makato usiyape slaidi nane, yape moja. Chora mhimili mmoja mrefu, bei ya mnada kwa kilo. Ukate kama muhogo: kipande cha chama kikuu (muungano wa AMCOS), cha ghala, cha usafirishaji, cha halmashauri, cha AMCOS yenu, na kipande kikubwa kilichobaki ni cha mkulima. Hicho cha mwisho kipe rangi, vingine vyote kijivu. Tuseme bei ni shilingi 3,000 na mkulima alipata 2,700. Aone kwa macho ile 300 ilivyogawanyika, kila kipande na namba yake juu yake. Usiweke kisanduku cha maelezo ya rangi pembeni, macho yatachoka kwenda na kurudi.

Na namba zizungushe. Milioni 412.6 inashikika, 412,637,450 haishikiki ukutani. Ile ndefu iandike kwenye karatasi ya taarifa, ambayo kila mwanachama lazima awe nayo mkononi.

Kijana_wa_IT

Dada niongezee ya mitambo, haya nimeyaona yakiharibu shughuli nyingi.

Ukinakili mchoro au jedwali kutoka Excel, angalia unavyobandika. Kuna namna ya kubandika ambayo inaingiza kitabu kizima cha Excel ndani ya slaidi, na kurasa zote usizoonyesha. Ukirusha faili hilo kwenye kundi la WhatsApp la chama, mtu akibofya mara mbili anaona majina, akaunti na malipo ya kila mwanachama. Bandika kama picha. Na kundini tuma PDF, usitume faili la PowerPoint.

Maandishi tumia Arial au Calibri. Ukitumia mwandiko wa kupakua, kwenye kompyuta nyingine utabadilishwa na mistari itamwagika nje ya slaidi. Mwandiko na rangi vipange mara moja kwenye slaidi mama, usihangaike slaidi moja moja. Mbwembwe za kuruka ziondoe zote.

Siku yenyewe F5 inaanzisha. Herufi B inazima picha ikawa nyeusi, ukibonyeza tena inarudi. Hiyo ndiyo kitufe ninachokipenda kuliko vyote, maana ukizima watu wote wanakugeukia wewe. Mtu akiuliza kuhusu slaidi ya 2 mkiwa ya 6, bonyeza 2 halafu Enter, usirudi nyuma moja moja mbele ya watu. Windows pamoja na P inakuletea namna za kuunganisha. Ukichagua ya kutanua, ukutani wanaona slaidi tu na wewe kwenye kompyuta unaona maelezo yako na slaidi inayofuata.

Nenda ijumaa ukajaribu na projekta ile ile, waya ule ule. Kompyuta nyingi mpya hazina tundu la VGA (la waya wa zamani) na projekta za zamani nyingine hazina HDMI (la waya wa kisasa).

KatibuMeneja_Kusini

Jamani nimefika slaidi 9. Ya kwanza kilo tulizokusanya na bei. Ya pili ule muhogo wa mwalimu. Ya tatu: "Kilo 1,840 zilipotea kwa unyaufu kati ya mizani yetu na ghala kuu." Halafu mapato, matumizi, madeni, makisio, ukomo wa madeni, na ya mwisho "Tunaomba mpitishe mambo mawili". Mwenyekiti ameniuliza kama ni lazima ile ya tatu. Nimemwambia ndiyo.

Mhandisi_TZ

Umejibu vizuri. Ila ya mapato na ya matumizi zinaweza kukaa moja, mihimili miwili pembeni kwa pembeni, watu waone ipi ndefu.

KatibuMeneja_Kusini

Wakuu, narudi na mrejesho. Tumekutana jana, watu 231. Kitambaa tulikihamishia pembe ya nyuma na viti tukavisogeza, wa mwisho alikuwa kama mita 11. Muhogo ulieleweka, mama mmoja alinyanyuka akaenda hadi kwenye kitambaa akaweka kidole kwenye kipande cha usafirishaji akauliza kwa nini kimenenepa kuliko cha ghala. Lilikuwa swali zuri na nililijibu. Nilipofika madeni mtu akataka turudi makato, nikabonyeza 2, Enter, tukafika.

Unyaufu ulituchukua karibu saa nzima. Nilibonyeza B, tukazungumza. Kulikuwa na hasira, sitaficha, lakini safari hii ilielekezwa kwenye mizani, hakuna aliyesema tumeficha. Wamechagua watu watano watakaoshuhudia upimaji msimu ujao, kwetu na kule ghala kuu. Yule mzee wa mwaka jana ni mmoja wao.

Kilichoshindikana ni ukomo wa madeni. Niliandika "Ukomo wa madeni: shilingi milioni 90" na nikaeleza. Hakuna aliyeuliza, wakanyoosha mikono wakapitisha. Ukimya ule sikuupenda, nadhani hawakuelewa walichokubali.

MwalimuMstaafu

Mna wanachama wangapi kwenye daftari?

KatibuMeneja_Kusini

312, mwalimu.

MwalimuMstaafu

Gawa. Ni kama shilingi 288,000 kwa kila mwanachama. Hiyo nayo ibadilishe iwe kilo za korosho kwa bei mliyolipwa, halafu chora magunia. Sentensi ya juu iwe: "Chama kikikopa hadi mwisho wa ruhusa hii, ni sawa na kila mmoja wetu kudaiwa kilo hizi."

KatibuMeneja_Kusini

Kwa ule mfano wako wa 2,700 ni kama kilo 107 kila mtu. Nimeichora usiku huu kwa bei yetu halisi, nimeichapa kwenye karatasi kubwa, na kesho asubuhi naibandika kwenye ubao wa matangazo pale ghalani, nikae karibu nayo.